Hatuwezi kudai haki duniani huku tukisalitiana nyumbani

Kila Septemba, viongozi wa Afrika hupanda jukwaa la Umoja wa Mataifa mjini New York na kusema jambo lilelile: mfumo wa ushirikiano wa kimataifa umepitwa na wakati, ulitungwa wengi wetu tukiwa bado chini ya wakoloni, na lazima ubadilishwe. Wanasema kweli, na gazeti hili linawaunga mkono. Lakini kweli hiyo ina nusu ya pili ambayo hawaitamki wakiwa New York, wala Addis Ababa, wala Arusha. Kila mara taifa kubwa lilipotaka kutugawa, lilitukuta tumekwisha kugawanyika. Lilipoita nchi moja pembeni, nchi hiyo ilikwenda.

Uamuzi wetu kwa hiyo una sehemu mbili. Mataifa makubwa yana hatia ya kuzikanyaga kanuni yaliyozitunga yenyewe. Serikali za Afrika Mashariki nazo zina hatia ya kuyarahisishia kazi.

Tuanze na hatia ya kwanza, kwa kuwa ndiyo kubwa zaidi. Shirika la Biashara Duniani, WTO, lilianza kazi Januari 1, 1995. Heshima yake ilitokana na ahadi moja: nchi ndogo ikidhulumiwa kibiashara na nchi kubwa, ina mahali pa kushtaki. Juu ya utaratibu huo kuliwekwa Chombo cha Rufaa chenye wajumbe 7. Marekani ilianza kuzuia uteuzi wa wajumbe hao wakati wa Rais Barack Obama, ikakaza kamba wakati wa Donald Trump, na Joe Biden hakuilegeza. Desemba 2019 wajumbe waliobaki hawakufika hata 3 wanaohitajika kusikiliza shauri moja, na chombo kikasimama. Tangu siku hiyo nchi inayoshindwa kesi inaweza kukata rufaa kwenye chombo kisichofanya kazi, na hukumu ikabaki karatasi. Nchi 130 zimependekeza tena na tena kwamba uteuzi uanze. Kwa kuwa WTO huamua kwa maafikiano, hapana ya nchi moja imetosha kuzishinda ndiyo za nchi 130.

Matokeo yake tuliyaona Aprili 2, 2025, Rais Trump alipotangaza ushuru mpya kwa karibu dunia nzima. Moja ya nchi zilizopangiwa kiwango kikubwa kuliko zote ilikuwa Lesotho: asilimia 50. Lesotho haikuwa imevunja mkataba wowote. Kiwango hicho kilipatikana kwa hesabu ya kuchukua nakisi ya biashara ya Marekani na nchi husika, kuigawa kwa thamani ya bidhaa ambazo Marekani inanunua kutoka nchi hiyo, kisha kupunguza jibu kwa nusu. Watu wa Lesotho wanashona suruali za jinzi kwa ajili ya maduka ya Marekani, lakini hawana kipato cha kununua bidhaa nyingi za Marekani. Kwa maneno mengine, waliadhibiwa kwa umaskini wao. Baadaye kiwango kilishushwa hadi asilimia 15, lakini viwanda vya Maseru vilikuwa vimekwisha kupoteza oda, na washonaji walikuwa wamekwisha kurudishwa nyumbani. Hakukuwa na mahakama ya kuikimbilia ambayo hukumu yake ingeheshimiwa.

Wanaodhani tatizo ni Washington peke yake wanajidanganya. Mwaka 2020, Australia ilipotaka uchunguzi huru kuhusu chanzo cha ugonjwa wa Uviko, China ilipandisha ushuru wa shayiri na mvinyo kutoka nchi hiyo hadi biashara ikafa. Mwaka 2025 ilibana uuzaji wa madini adimu ambayo viwanda vya dunia vinayategemea. Umoja wa Ulaya, ambao huzungumza lugha ya ubia kuliko wote, ulipitisha mwaka 2023 sheria inayotaka kahawa na kakao zinazoingia katika soko lake zithibitishwe, kwa vipimo vya ramani vya kila shamba, kwamba hazikutokana na msitu uliokatwa. Kulinda misitu ni jambo jema. Lakini mkulima wa Mbinga au wa Bugisu mwenye robo ekari ya mibuni hakuulizwa kabla ya kutungiwa sharti hilo. Ulaya imeahirisha utekelezaji mara mbili, na kila mara yeye ndiye aliyeachwa akisubiri kujua kama kahawa yake itanunuliwa.

Katika siasa hali ni hiyohiyo. Umoja wa Mataifa ulianzishwa mwaka 1945 na nchi 51. Leo una wanachama 193, na 54 kati yao ni wa Afrika. Hata hivyo wenye viti vya kudumu na kura ya turufu katika Baraza la Usalama ni walewale watano: Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa. Mabadiliko pekee ya ukubwa wa Baraza yalianza kutumika mwaka 1965, wajumbe walipoongezwa kutoka 11 hadi 15, na waliongezwa wasio wa kudumu tu.

Watanzania wanajua kwa uchungu maana ya kura ya turufu. Mwishoni mwa 1981, mgombea wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika katika nafasi ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alikuwa Salim Ahmed Salim, mwana wa Zanzibar. Zilihitajika kura 9 kati ya 15 bila pingamizi la mjumbe wa kudumu. Katika duru ya kwanza alipata 11. Marekani ikampinga. China nayo ikampinga Kurt Waldheim aliyekuwa akitafuta muhula wa tatu. Zikapigwa duru 16 bila mshindi, hadi wote wawili wakajiweka pembeni na Javier Pérez de Cuéllar wa Peru akachaguliwa. Mgombea aliyeungwa mkono na bara zima, na kupata kura zaidi ya zilizotakiwa, alizuiwa na mkono mmoja ndani ya kikao cha faragha.

Katika fedha, hadithi haibadiliki. Marekani ina takribani asilimia 16.5 ya kura katika Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, na maamuzi makubwa ya shirika hilo yanahitaji asilimia 85. Hesabu hiyo inampa mwenye asilimia 16.5 uwezo wa kuzuia lolote kati ya maamuzi hayo. Agosti 2021, dunia ikiwa bado inahema kwa Uviko, IMF iligawa haki maalumu za fedha, SDR, zenye thamani ya dola bilioni 650 ili kuzipa nchi nafuu. Mgawo ulifuata hisa za wanachama. Afrika nzima ikapata takribani dola bilioni 33, huku sehemu kubwa ikienda kwa nchi tajiri ambazo hazikuwa na shida nazo. Hakuna aliyevunja kanuni. Kanuni yenyewe ndiyo iliyotoa matokeo hayo.

Haya yote yanastahili kulaaniwa, na yamelaaniwa kwa hotuba nyingi. Sasa tugeukie hatia ya pili, ambayo hotuba hizo huiruka.

Machi 2016, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliokutana Arusha walikubaliana kuondoa nguo na viatu vya mitumba katika masoko yao ndani ya miaka 3, ili kufufua viwanda vya nguo. Mtu anaweza kuupinga uamuzi huo kwa hoja nzito. Maelfu ya familia zinaishi kwa kufungua marobota katika masoko ya Gikomba, Owino na Ilala, na pamba yetu wenyewe bado inasafirishwa ikiwa ghafi. Huo ulikuwa mjadala wa kufanyika hapa, baina yetu, kati ya mchuuzi, mkulima wa pamba na mwenye kiwanda.

Haukufanyika hapa. Machi 2017, chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kiliwasilisha malalamiko mjini Washington, kikidai ajira 40,000 za nchi hiyo zilikuwa hatarini. Juni mwaka huohuo, ofisi ya Mwakilishi wa Biashara wa Marekani ilitangaza kuchunguza upya kama Rwanda, Tanzania na Uganda ziendelee kunufaika na mpango wa AGOA, unaoruhusu bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Kenya haikuguswa na uchunguzi huo, kwa sababu ilikuwa imekwisha kurudi nyuma. Tanzania na Uganda zilifuata, na mwanzoni mwa 2018 zilitoa ahadi zilizoiridhisha Washington. Rwanda peke yake ilikataa. Ilikuwa imepandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, na haikuurudisha. Julai 30, 2018, nguo zake zilitolewa katika AGOA.

Tazama jinsi kazi hiyo ilivyokuwa nyepesi. Uamuzi uliopitishwa na wakuu wa nchi wakiwa pamoja ulifutwa kwa malalamiko ya chama kimoja cha wafanyabiashara na muda wa mwaka mmoja hivi. Marekani haikulazimika kuikabili Jumuiya hata siku moja. Ilikabiliana na Nairobi, kisha na Dar es Salaam na Kampala, na mwishowe na Kigali iliyokuwa imeachwa peke yake. Nchi tatu zilizorudi nyuma zilimwacha mwenzao apigwe, na hakuna kikao cha dharura kilichoitishwa kumtetea. Kidole kimoja hakivunji chawa, wahenga walisema. Vidole vingine viliondolewa na wenyewe.

Kenya itajibu kwamba ilikuwa na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, katika viwanda vya nguo vya Athi River na kwingineko vinavyouza Marekani, na kwamba isingeweza kuwatoa kafara kwa ajili ya tamko. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana tunasema kosa lilianza Arusha. Wakuu walisaini tamko bila kujiuliza nani ana nini cha kupoteza, nani atafidiwa vipi, na tutajibu nini tukitishwa. Na AGOA haikuwa mkataba. Ni sheria ya Bunge la Marekani ya mwaka 2000, fadhila inayotolewa na kuondolewa kwa saini ya upande mmoja. Burundi iliondolewa mwaka 2016, Uganda mwaka 2024. Muda wa sheria hiyo ulipokwisha Septemba 30, 2025, washonaji wa Athi River walibaki wakisubiri habari kutoka Washington kama ambavyo wenzao wa Kigali walisubiri mwaka 2018. Aliyerudi nyuma na aliyekataa kurudi nyuma wote waliishia kwenye foleni moja.

Ushahidi wa pili ni mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya, EPA. Mazungumzo yalikamilika Oktoba 2014, lakini baada ya tarehe ya mwisho iliyowekwa na Ulaya. Kwa wiki kadhaa maua ya Naivasha na maharage mabichi ya wakulima wa Kenya yalitozwa ushuru katika soko la Ulaya, wakati bidhaa za majirani ziliendelea kuingia bure. Sababu ni kwamba Kenya pekee, kati ya nchi tano za Jumuiya wakati ule, haikuwa katika kundi la nchi zenye maendeleo duni. Majirani walikuwa na njia nyingine ya kuingia bila ushuru hata bila mkataba huo, kwa hiyo wao hawakuwa na haraka. Kenya ilikuwa na moto mgongoni.

Septemba 2016, Kenya na Rwanda zilisaini mjini Brussels. Tanzania ilikataa, na Novemba mwaka huohuo Bunge lake likaishauri Serikali isisaini. Rais mstaafu Benjamin Mkapa alionya waziwazi kwamba mkataba ungeviua viwanda vichanga kabla havijasimama. Onyo lake lilikuwa na msingi. Wasiwasi wa Kenya nao ulikuwa na msingi. Umoja wa forodha ulio hai ungetafuta njia ya tatu: namna ya kulinda viwanda vya jirani mmoja na maua ya mwingine ndani ya msimamo mmoja. Wetu haukuitafuta. Mwaka 2021, wakuu waliruhusu kila nchi iliyo tayari iendelee peke yake. Kenya ikasaini na Ulaya Desemba 18, 2023, na mkataba ukaanza kutumika Julai 1, 2024. Kabla ya hapo ilikuwa imesaini na Uingereza, na Januari 2025 ikasaini na Falme za Kiarabu. Leo Jumuiya ina ushuru wa pamoja wa forodha kwa jina, na mwanachama mmoja mwenye milango yake mwenyewe ya kuingilia. Bidhaa ikishapita mlango huo, ofisa wa forodha wa Namanga au Busia anabaki kukagua hati za asili ya bidhaa, akilinda mpaka ambao mkataba wa Jumuiya ulisema utafutika.

Na mipakani humo tunatendana nini? Mwaka 2017, vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya vilichomwa moto Namanga na mamlaka za Tanzania kwa hoja ya ugonjwa. Machi 2021, Kenya ilizuia ghafla mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, na malori yakapanga foleni, kisha ikabadili uamuzi kwa masharti ndani ya siku chache. Mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa Februari 2019 na haukufunguliwa rasmi hadi mwisho wa Januari 2022. Julai 2025, Tanzania ilipiga marufuku wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, bila kuwapa nafasi ya pekee raia wa Jumuiya ambao mkataba wa Soko la Pamoja unawahusu. Nyani haoni kundule. Hatua za ghafla, za upande mmoja, zisizopitia mahakama, ndizo tunazomlaumu Trump kwazo. Tumekuwa tukizitumia sisi kwa sisi miaka yote.

Mfano mchungu kuliko yote uko Kongo. Kongo na Rwanda zote ni wanachama wa Jumuiya. Januari 2025, waasi wa M23, wanaodaiwa kuungwa mkono na Rwanda, waliiteka Goma, mji wa mashariki mwa Kongo. Februari 8, wakuu wa Jumuiya na wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, walikutana pamoja Dar es Salaam na kuagiza vita visimame. Havikusimama. Kabla ya hapo, kikosi cha Jumuiya kilikuwa kimeingia Kongo na kutoka katika muda wa mwaka mmoja hivi. Mwishowe mazungumzo yakahamia Doha na Washington, na Juni 27, 2025, mawaziri wa mambo ya nje wa nchi hizo mbili walisaini makubaliano mbele ya Marekani, yakiwa na kipengele cha ushirikiano wa kiuchumi unaogusa madini. Amani popote itakapotoka ipokewe. Lakini dunia yote inajua kwamba Kongo huchimba zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya ulimwengu, na kwamba China na Marekani zinapigania nani aidhibiti. Majirani waliposhindwa kupatanisha, aliyepatanisha alikuja na maslahi yake, na hakuna wa kumlaumu kwa hilo.

Watetezi wa hali hii wana hoja moja wanayoirudia: kila nchi ina maslahi yake, na diplomasia ndivyo ilivyo. Wanaongeza kwamba nchi zetu ni ndogo mno kuugeuza mfumo wa dunia hata zikisimama pamoja. Historia inawakanusha.

Oktoba 25, 1971, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuhusu kiti cha China. Marekani, iliyokuwa na nguvu kuliko taifa lolote, ilitumia kila ushawishi iliokuwa nao kuizuia Beijing. Ilishindwa kwa kura 76 dhidi ya 35, na nchi 17 hazikupiga upande wowote. Kura za Afrika ndizo zilizochangia sana ushindi ule, na Tanzania, kupitia balozi wake kijana Salim Ahmed Salim, ilikuwa mstari wa mbele. Wakati huohuo, reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860 ilikuwa ikijengwa kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi kwa mkopo wa China usio na riba, baada ya Benki ya Dunia na mataifa ya Magharibi kukataa kuigharimia. Nchi zile zilikuwa maskini kuliko leo. Hazikuwa na simu za mkononi wala akiba ya dola. Zilikuwa na msimamo, na zilijua kuhesabu kura.

Ushahidi wa karibu zaidi uko Kongo hiyohiyo. Februari 2025, serikali ya Kinshasa ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje kwa sababu bei ilikuwa imeporomoka. Oktoba ikaanza kuuza kwa mgawo. Bei ilipanda zaidi ya maradufu. Nchi inayodharauliwa kila siku ilionyesha kwamba mwenye bidhaa anaweza kuweka kanuni, kama anaijua thamani ya alichoshika. Fikiria nguvu hiyo kama ingekuwa sera ya Jumuiya nzima yenye bandari, reli na barabara ambazo madini hayo hupitia.

Kwa hiyo gazeti hili halitapoteza wino kuwaomba wakubwa wawe na huruma. Kifungu cha 108 cha Katiba ya Umoja wa Mataifa kinataka mabadiliko yaridhiwe na theluthi mbili ya wanachama, wakiwemo wote watano wa kudumu. Hakuna mwenye kura ya turufu atakayeiachia kwa sababu ya hotuba nzuri. Atalegea siku atakapohitaji kitu kwetu na kukuta kwamba bei yake ni ileile mlango wowote atakaobisha. Hadi hapo, madai yetu yako Arusha, Dodoma, Nairobi, Kampala, Kigali, Gitega, Kinshasa, Juba na Mogadishu.

Kwanza, nchi za Jumuiya ziache kusaini mikataba ya biashara na dola kubwa kila moja kivyake. Ruhusa ya 2021 ifutwe, na badala yake iundwe timu moja ya majadiliano yenye mamlaka ya kweli. Pamoja nayo uwepo mfuko wa kufidia nchi inayoumia kwa kushikilia msimamo wa pamoja. Bila fidia, mwenye cha kupoteza atarudi nyuma tena kama mwaka 2017, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Pili, nchi inayomfungia jirani mpaka kwa ghafla ipelekwe katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, na hukumu itekelezwe. Hatuwezi kulilia Chombo cha Rufaa cha Geneva huku tukiipuuza mahakama yetu iliyoko Arusha.

Tatu, Jumuiya ijiunge kwa pamoja na mpango wa muda wa rufaa ulioanzishwa mwaka 2020 na Umoja wa Ulaya, China, Brazil, Canada na wengine kuziba pengo la WTO. Wenye nguvu wameshajitafutia mahakama. Wanyonge ndio wanaoihitaji zaidi.

Nne, michango ilipwe. Bunge la Afrika Mashariki limewahi kusimamisha vikao kwa ukata. Umoja wa Afrika uliamua Kigali mwaka 2016 kwamba kila nchi itoze asilimia 0.2 ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa ili kuugharimia. Nchi zinazotekeleza kikamilifu bado ni chache, na sehemu kubwa ya fedha za miradi ya Umoja hutoka kwa wafadhili walewale tunaotaka kuwawekea masharti. Mkono mtupu haulambwi, na mkono unaoomba hauwezi kupiga meza.

Tano, Afrika iache kucheza na Baraza la Usalama. Makubaliano ya Ezulwini ya mwaka 2005 yalitaka viti 2 vya kudumu vyenye haki zote, ikiwemo kura ya turufu, na viti 5 visivyo vya kudumu. Septemba 2024, Marekani ilisema inaunga mkono viti 2 vya kudumu, bila turufu. Hiyo ni kumpa mtu kiti na kumnyima kauli, na inapaswa kukataliwa. Lakini hata leo hatujakubaliana ni nani atakayekalia viti hivyo wala kwa utaratibu gani. Mwaka 2020, Umoja wa Afrika ulimpendekeza mgombea mmoja wa kiti kisicho cha kudumu, Kenya. Djibouti ikagombea vilevile, na Waafrika wawili wakapigiwa kura hadi duru ya pili mbele ya dunia nzima. Wapinzani wa mageuzi hawahitaji hoja nyingine zaidi ya hiyo.

Sita, mikataba ya madini, bandari na reli iwekwe mezani bungeni kabla ya kusainiwa. Ushindani kati ya njia ya reli ya Lobito ya Angola inayosukumwa na Magharibi na TAZARA, ambayo kampuni ya China imekubali kuifufua kwa dola bilioni 1.4, unaweza kutunufaisha sana au kutufunga kwa miaka 30. Tofauti itatokana na masharti yaliyoandikwa, na raia wana haki ya kuyasoma wakati bado yanaweza kubadilishwa.

Muhula wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, unamalizika Desemba 31, 2026. Mrithi wake atapatikana kwa utaratibu uleule uliomzuia Salim. Mazungumzo mapya ya biashara na Marekani, Ulaya na China yatafuata, na kila mkubwa atatuma mwaliko kwa nchi moja moja, kwa maneno matamu na miadi ya haraka. Wakuu wa Jumuiya wanapaswa kukubaliana, katika mkutano wao ujao na kwa maandishi, kwamba mwaliko wa namna hiyo utajibiwa na Jumuiya au hautajibiwa kabisa. Atakayekwenda peke yake atajwe hadharani na wenzake, na wapiga kura wake waambiwe alichouza na kwa bei gani. Kiongozi asiyeweza kusaini ahadi hiyo Arusha hana sababu ya kuhutubia dunia kuhusu mageuzi Septemba itakapofika.